Kibali cha Kwenda Baharini

Kwa miaka kumi na mmoja Stela Nibitanga hakuchelewesha uji wa shule hata siku moja. Alikuwa mpishi katika shule ya bweni mjini Tabora, na wanaomfahamu huanza na hilo kabla hawajasema jambo lingine. Alijua maharage ya wanafunzi mia nne yalowekwe saa ngapi, alijua kuni zipi zinatoa moshi na zipi zinatoa moto, na gunia likipungua alisema mbele ya mtunza ghala mwenyewe, si mgongoni kwake. Watu wa namna hiyo hawana marafiki wengi. Wana heshima, na Stela heshima ilimtosha.

Nyumba yake ilikuwa Ntalikwa, ya matofali ya kuchoma, na shamba la karanga nyuma yake. Humo aliishi na baba yake, Mzee Eliasi Nsabimana, ambaye Stela alimhamisha kutoka Ulyankulu baada ya kumzika mama. Hakumhamisha kwa sababu ya uzee. Ni macho. Mzee alikuwa ameanza kujikwaa kwenye vitu vilivyokaa mahali pake miaka yote: ndoo, kizingiti, mbuzi wa jirani aliyezoea kulala njiani.

Mwezi Machi walikwenda kwa daktari wa macho.

"Hii ni presha ya macho, mama," daktari alimwambia Stela. "Matone yatachelewesha tu. Kilichokwisha kupotea hakirudi."

"Amebakiza muda gani?"

"Krismasi ikifika bado anakutambua kwa uso, mshukuru Mungu."

Mzee alisikia yote. Wakapanda bajaji kurudi nyumbani. "Yule daktari ana haraka," alisema, "lakini si mwongo."

Tayari alikuwa akiona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilichokuwa mbele yake moja kwa moja alikiona vizuri, hata akasoma. Pembeni kote palikuwa giza. Na bomba lenyewe lilizidi kuwa jembamba.

Ndipo Stela alipokumbuka bahari. Mwaka uliotangulia kwaya ya parokia ilikwenda hija Bagamoyo, na siku ya mwisho mwalimu wa kwaya, Octavian, aliwapeleka wachache kwenye ufuko ulioko kaskazini ya mji, mbali na hoteli na spika za muziki. Hapakuwa na kitu pale. Mchanga, mikandaa upande mmoja, na wanawake wawili wakichokonoa chaza mbali kabisa. Stela alikaa saa nzima bila kupika, bila kuhesabu, bila kumwita mtu. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alikaa hivyo.

Alimsimulia baba yake. Mzee, ambaye mambo mengi ya siku hizi yalimpita bila kumgusa, aliuliza swali juu ya swali.

"Maji yake yana chumvi kweli?"

"Yana chumvi, baba. Niliyaonja."

"Na upande wa pili? Milima inaonekana?" Mzee alikulia kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Burundi, ambako ukisimama ufukweni asubuhi unaiona milima ya Kongo imekaa ng'ambo kama wageni wanaosubiri kukaribishwa. Mwaka sabini na mbili alivuka ziwa hilo na mke wake kijana, wakikimbia mauaji, na hakurudi.

"Hakuna upande wa pili. Unatazama mpaka macho yanachoka, ni maji tu."

Mzee alifikiri. "Hayo ningependa kuyaona," alisema. "Maji yasiyo na ng'ambo hayana mtu wa kukuuliza umetoka wapi."

Kwa miaka yote hiyo baba yake hakuwahi kumwambia kwamba anapenda kitu. Stela aliamua siku hiyo hiyo.

Alipanga safari ile kama alivyopanga jiko. Likizo ya Juni ingempa wiki mbili. Wangepanda treni Ijumaa hadi Dar es Salaam, kisha basi hadi Bagamoyo, ambako Leonia, dada yake Octavian aliyeolewa huko, aliwaandalia chumba. Jumapili wangepumzika. Jumatatu, siku ambayo ufuko hauna watu, mwenye bajaji mmoja angewapeleka saa nne asubuhi na kuwafuata saa kumi. Leonia alikuwa amewauliza wavuvi: siku hiyo maji yangekupwa asubuhi na kuanza kujaa kabla ya adhuhuri. "Mleteni mapema," alisema kwenye simu, "ayaone yakimjia mwenyewe." Stela alitenga kiti cha kukunja, kofia ya ukindu, chai ya tangawizi kwenye chupa, karanga za kuchemsha, na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa ya kumumunya njiani. Matone ya macho angeyafunga kwenye kitambaa chenye maji baridi. Hakuna kutembea mjini, hakuna kutazama magofu. Siku moja, mzee mmoja, kiti kimoja, na bahari.

Aliponunua tiketi alimletea mzee azishike. Mzee alizisogeza mbele ya jicho la kulia, lile lililobaki na nguvu, akazisoma polepole neno kwa neno. Kisha akauliza:

"Na kibali umekwisha kuchukua?"

"Kibali gani, baba?"

"Cha kutoka."

Stela alicheka. Baba yake hakucheka.

Walioishi katika makazi ya Ulyankulu enzi hizo hawahitaji kuelezwa. Mkimbizi hakutoka bila karatasi yenye jina, mahali aendako, idadi ya siku na muhuri. Mwaka themanini na saba Mzee Eliasi alipewa siku saba kuja Tabora kumnunulia dawa mwanawe Nimbona, aliyekuwa akikohoa. Dawa aliipata. Wakati wa kurudi, lori alilodandia liliharibika porini, wakalala njiani, na alipofika kwenye kizuizi cha barabarani ilikuwa siku ya nane. Askari alisoma tarehe, akamtazama, akasoma tena. Mzee alikaa mahabusu wiki sita, dawa ikiwa mfukoni. Aliporudi nyumbani alionyeshwa kaburi. Stela alikuwa na miaka minane. Ndiye aliyemshika mkono na kumpeleka penyewe.

Tangu hapo mzee hakuwa mtu wa kubishana na tarehe. Na ingawa walipewa uraia, na cheti chake kilining'inia ukutani kwenye fremu, hakukubali kwamba cheti kinatosha.

"Sasa wewe ni raia, baba. Raia anakwenda anakotaka."

"Cheti kinasema mimi ni nani," mzee alijibu. "Hakisemi nimeruhusiwa kwenda wapi."

"Hakuna anayeomba ruhusa siku hizi!"

"Hata wakati ule walisema hivyo, mpaka ulipofika kizuizini. Mwanangu, sikatai safari. Naitaka. Niletee karatasi, nitapanda treni nikiimba."

Stela alikwenda ofisi ya mtendaji wa mtaa. Mtendaji hakuwepo, alikuwapo karani kijana, na benchi la watu wakisubiri. Stela alieleza anataka kibali cha baba yake kwenda Bagamoyo.

"Kibali cha nini? Anasafirisha mkaa?"

Benchi zima likacheka.

"Cha kusafiri yeye mwenyewe," alisema Stela.

"Mama, Mtanzania haombi ruhusa kwenda Bagamoyo. Nauli tu."

"Wanyamwezi walikwenda Pwani kwa miguu, pembe mabegani," mzee mmoja wa benchini alidakia, "hawakuulizwa kibali. Nyie mna treni mnaogopa!"

Wakacheka tena. Stela, mwanamke asiyezoea kuchekwa, alitoka na uso umewaka. Hapo ndipo alipokosea kwa mara ya kwanza. Angerudi kesho yake akamngoja mtendaji, akamweleza habari nzima ya mzee na lori na kaburi, mambo yangekuwa mengine. Lakini alikuwa na haraka, na kiburi kilichojeruhiwa hakirudi pale kilipochekwa. Zilibaki siku nane kabla ya treni.

Jumamosi jioni mdogo wake Erasmus alipita kusalimia. Erasmus aliendesha bajaji mjini. Alizaliwa miaka mitatu baada ya kaburi lile, na kwake mambo ya vibali yalikuwa hadithi za wazee.

"Sasa dada, tatizo liko wapi? Mzee anataka karatasi, mpe karatasi."

"Itoke wapi?"

"Kuna jamaa pale sokoni anachonga mihuri. Nusu saa tu. Tunaandika, 'Eliasi Nsabimana anaruhusiwa kusafiri,' tunagonga pa! Mzee anafurahi, anaona bahari yake, nani kaumia?"

"Huo ni uongo, Erasmus."

"Uongo gani? Kwani hajaruhusiwa? Si karani mwenyewe kasema ameruhusiwa? Sisi tunaiandika tu hiyo ruhusa."

Stela, asiyekubali kikombe kimoja cha mchele kipotee ghalani, alikaa akipima maneno yale, na kila alivyoyapima aliyaona mepesi. Alimfikiria baba yake kwenye kiti, maji yakimjia. Alifikiria Krismasi.

"Ifanane na za zamani," alisema mwishowe. "Asije akaishtukia."

Watu husema uongo mdogo hauna mwiba. Husemwa na walioutoa, si na waliolala juu yake.

Jumatatu asubuhi alimpa baba yake karatasi. Ilikuwa imepigwa chapa vizuri, jina, safari, siku kumi, sahihi ya wino wa bluu, na muhuri wa duara wenye tarehe katikati. Mzee alivaa miwani, ingawa haikumsaidia tena, akaisogeza karatasi mpaka ikakaribia kugusa kope, akaanza kuipitisha mbele ya jicho kama mtu anayetafuta uzi kwenye tundu la sindano. Uso wake ulifunguka. Stela aliuona ukifunguka, na kwa kitambo kidogo akaamini amefanya jema.

"Siku kumi," alisema mzee. "Wametupa siku kumi! Hawa ni watu wema."

"Wema sana, baba."

Akaendelea kusoma. Alifika kwenye muhuri, akasimama hapo. Akaugeuza huku na huku.

"Tarehe tisa," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Leo ni kumi."

"Ndiyo."

"Jana tulikuwa kanisani, mimi na wewe. Padri alibatiza watoto." Mzee alishusha karatasi. "Ofisi gani hugonga muhuri Jumapili?"

Erasmus alikuwa amekwenda sokoni siku aliyopata nafasi, na fundi wa mihuri aliweka tarehe ya siku hiyo. Kati ya watu wote wa Tabora, ni mtu mmoja tu angeitazama tarehe kwanza, na huyo ndiye waliyetaka kumdanganya.

"Erasmus ndiye…" Stela alianza.

"Sijamuuliza Erasmus. Nani kanikabidhi?"

"Mimi."

"Ulijua?"

Stela hakuweza kuongeza uongo juu ya uongo. "Nilijua, baba. Nisamehe. Nilitaka uione bahari."

Mzee hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliikunja karatasi mara mbili, akamrudishia.

"Erasmus hajui," alisema. "Wewe ulinishika mkono ukanipeleka kaburini kwa mdogo wako. Wewe unajua."

Ijumaa ile treni iliondoka bila wao.

Mzee aliendelea kuishi mle ndani kwa adabu. Alipoamkiwa shikamoo aliitika marahaba, akala alichopikiwa, akasali. Ila kila Stela alipomwinamisha kichwa kumtia matone, aliuliza, "Ni yale yale?"

"Ni yale yale, baba."

"Haya."

Asubuhi na jioni, kila siku. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayekagua mzigo. Stela angependa achapwe kuliko kuulizwa swali lile, na alilijibu mara mbili kwa siku, Julai, Agosti, Septemba. Erasmus alijaribu utani: "Mzee, mimi nitakuletea bahari kwenye simu, uione yote!" Mzee akamjibu, "Na hiyo nayo imegongwa Jumapili?" Erasmus alicheka peke yake. Baada ya hapo alipita mara chache.

Mwezi Oktoba mzee aliacha kusoma. Mwezi Novemba alimpita Stela uani akamwamkia kama mgeni.

Siku hiyo ndipo Stela alipokwenda tena ofisi ya mtendaji wa mtaa, akakaa kwenye benchi lile lile toka asubuhi mpaka alipoitwa. Mtendaji, Ngassa, alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mpole, mwenye sauti nyembamba. Stela alimweleza yote, na muhuri wa sokoni hakuuficha. Alisema yuko tayari kupelekwa polisi.

Ngassa alimsikiliza mpaka mwisho. "Mama, kibali kama kile siwezi kuandika, hakipo. Ila barua ya utambulisho namwandikia mkazi yeyote. Nitaandika kwamba ni mkazi wangu, anakwenda Bagamoyo na kurudi, asaidiwe njiani. Muhuri wa ofisi, tarehe ya leo." Akavuta karatasi. "Ungeniambia Juni ilikuwa kwa ajili ya mzee, ningeiandika Juni."

Stela aliipokea barua kwa mikono miwili.

Likizo ya Desemba ilikuwa karibu. Leonia alisema chumba kipo. Stela alikata tiketi nyingine, akaingia kwa baba yake na barua mkononi, akapiga magoti.

"Baba, hii ni ya kweli. Ya mtendaji. Ya leo, Jumatano."

Mzee aliipokea. Aliisogeza kwenye jicho kwa mazoea, kisha akaishusha. Alipitisha kidole pale alipodhani muhuri upo. Wino hauna kitu cha kushika.

"Ina muhuri?"

"Inao."

"Nani anasema?"

"Mimi, baba."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Nikiwa na macho nilikukamata," alisema. "Sasa sina macho, ndiyo unaniletea ya kweli."

Stela alirudi kwa Ngassa, akamwomba aje mwenyewe. Ngassa alikuja siku ya pili baada ya kazi, akavua viatu mlangoni.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mtendaji wako wa mtaa, mzee. Ngassa. Barua ile niliandika mimi kwa mkono wangu. Nendeni mkaione bahari, hakuna atakayewauliza."

Mzee alimkaribisha vizuri sana. Aliamuru aletewe chai. Alimuuliza habari za mvua, watoto, bei ya karanga. Ngassa akajibu yote kwa heshima, akanywa, akaaga. Stela alimsindikiza hadi barabarani akimshukuru huku machozi yakimtoka, kwa kuwa mzee alikuwa amecheka mara mbili. Akarudi ndani mbiombio.

"Umemsikia, baba! Umemsikia mwenyewe!"

"Nimemsikia," alisema mzee. "Sauti ya kijana. Mwenye adabu." Akaweka kikombe chake chini. "Mmemlipa kiasi gani?"

Stela alisimama na kikombe cha mgeni mkononi. Angeapa, lakini kwa kitu gani? Angemwita padri, mzee angemsikiliza padri kwa heshima ile ile, angemkaribisha chai, na padri akiondoka angeuliza wamempata wapi. Hapakuwa na mtu Tabora nzima ambaye sauti yake isingepitia mlango ule ule alioufungua Stela kwa karatasi ya sokoni, na mlango huo baba yake alikuwa ameufunga.

Tiketi zilirudishwa. Stela alimpigia Leonia simu kumwambia asitandike kitanda.

"Pole, mdogo wangu," alisema Leonia. "Basi njooni mwakani, Juni, bahari haihami."

"Mwakani ataona nini, dada?"

Kwa mbali Stela alisikia kitu kikivuma upande wa pili wa simu, upepo au maji, hakujua. Ndani, mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, mikono magotini, akiutazama ukuta kwa makini, akidhani ndio mlango.